KURUDI KIJIJINI SI KWENDA KUTALII

Imezuka tabia miongoni mwa baadhi ya wasomi wa Afrika ya kuidharau sinema ya bara lao wenyewe. Husema kwamba filamu hizo ni za polepole mno, hazina mapigano wala mahaba ya kusisimua, na kwamba mtazamaji hutoka ukumbini bila kujua nani ameshinda na nani ameshindwa. Akiulizwa vipimo hivyo amevitoa wapi, msomi wa namna hiyo hana jibu la maana. Amevirithi kutoka katika majumba ya sinema ya mijini, ambako kwa miaka mingi wananchi walilishwa wachunga ng'ombe wenye bastola kutoka Marekani, mabingwa wa karate kutoka Hong Kong na waimbaji wa mapenzi kutoka Bombay, hata wakaamini kwamba nje ya hayo hakuna sinema. Hiyo ndiyo kasumba, na kasumba haiponi kwa kubembelezwa.

Iko filamu moja inayofaa kutumiwa kama dawa ya ugonjwa huo. Jina lake ni La Vie sur terre, maana yake Maisha Duniani, na ilitengenezwa na Abderrahmane Sissako mwaka 1998. Ni filamu ya saa moja tu. Haikutoka katika makampuni makubwa ya biashara, haina nyota mashuhuri, na kwa mtu aliyezoea vishindo itaonekana kama kituko. Habari yake ni fupi: mtu aishiye Paris anamwandikia baba yake barua, kisha anafunga safari kurudi Sokolo, kijiji cha baba huyo nchini Mali. Anafika, anakaa, anazunguka kwa baiskeli. Basi. Lakini katika hiyo "basi" umo mjadala mzito kuliko hotuba nyingi zilizokwisha kutolewa juu ya wasomi na vijiji, na ni wajibu wa kila mtumishi wa umma na kila mwalimu kuutafakari.

Sissako alizaliwa Kiffa, Mauritania, mwaka 1961, akakulia Mali, nchi ya baba yake. Katika miaka ya 1980 alisomea utengenezaji wa filamu mjini Moscow, na baadaye akaishi Ufaransa. Huyu, basi, si mtu aliyesimuliwa habari za kuondoka nyumbani. Ameondoka mara nyingi. Katika filamu yake anacheza mwenyewe nafasi ya Dramane, yule anayerudi, na mzee anayempokea ni baba yake mzazi hasa. Wanakijiji wanaoonekana ni wanakijiji wa kweli, si waigizaji waliokodishwa na kuvikwa matambara ili wafanane na maskini.

Asili ya filamu hiyo nayo ina mafunzo. Kituo cha televisheni cha Arte kiliagiza mfululizo wa filamu kutoka kwa watengenezaji wa nchi mbalimbali, wote wakitakiwa kuzungumzia kuingia kwa mwaka 2000. Don McKellar wa Kanada alitengeneza filamu juu ya saa za mwisho kabla ulimwengu haujaangamia. Tsai Ming-liang wa Taiwan alitengeneza nyingine juu ya jiji lililopatwa na maradhi ya ajabu huku mvua ikinyesha bila kikomo. Wenzake wakiuwaza mwisho wa dunia, Sissako alikwenda mahali ambapo mwaka 2000 ulikuwa unakuja kama siku nyingine yoyote, bila fataki na bila hofu. Swali alilouliza kwa kitendo hicho ni kali sana: dunia inayojiandaa kusherehekea ni dunia ya nani?

Filamu inaanza katika duka kubwa la kujihudumia nchini Ufaransa. Siagi na jibini zimepangwa safu kwa safu, aina kwa aina, mpaka macho yanachoka. Kisha, bila maelezo yoyote, unaonekana mbuyu umesimama dhidi ya anga. Hakuna mhubiri anayetokea kusema, "Tazameni ubepari, tazameni Afrika." Picha mbili zinatosha. Mtazamaji mwenye akili anaelewa kwamba Dramane ameishi mahali penye kila kitu, na bado amekosa kitu ambacho duka lile haliwezi kumuuzia. Katika barua yake kwa baba anajiuliza kama aliyojifunza ugenini yanalingana na aliyoyasahau ya kwao. Wahenga walikwisha kusema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Ajabu ni kwamba methali hiyo hukaririwa sana shuleni na watu ambao hawana nia yoyote ya kurudi walikotoka.

Mara baada ya hapo wapinzani huinua sauti. Husema: "Tazama, wanaume wameketi ukutani na redio yao kivulini, jua likisogea nao wanasogeza viti. Je, huku si kuwatukana Waafrika kwamba ni wavivu?" Hoja hii inastahili kujibiwa kikamilifu, kwa sababu inajifanya kuwa ni hoja ya kizalendo kumbe ni mwangwi wa mkoloni.

Kwanza, katika filamu hiyohiyo fundi cherehani anashona, mpiga picha anawapiga wateja wake picha mchana kweupe, wakulima wanahangaika na ndege wanaoshambulia mpunga wao, na karani wa posta hapumziki. Mtu aliyewaona wanaume wa kivulini peke yao alichagua mwenyewe kutowaona wengine. Pili, historia ya eneo hilo haimruhusu mtu yeyote kutamka neno "uvivu" bila kuona haya. Sokolo iko katika mkoa wa Ségou, katika nchi ya mashamba ya umwagiliaji. Mwaka 1932 utawala wa Kifaransa uliunda shirika lililoitwa Office du Niger ili bonde la mto Niger lilimwe pamba kwa faida ya viwanda vya Ufaransa, pamoja na mpunga. Mifereji ilichimbwa kwa kazi ya shuruti. Familia zilihamishwa kutoka makwao, nyingine zikitolewa mbali hata Volta ya Juu, ambayo sasa ni Burkina Faso. Kazi ya shuruti ilikomeshwa kisheria mwaka 1946, na bwawa kubwa la Markala likakamilika mwaka 1947. Wakulima waliowekwa katika mashamba hayo waliitwa colons, yaani walowezi, katika bara lao wenyewe! Redio ndogo inayosikika katika filamu hiyo inaitwa Radio Colon. Jina ambalo bwana aliwabandika watu aliowatumikisha limegeuka kuwa jina la sauti yao wenyewe. Nani basi ana haki ya kumwambia mjukuu wa mchimba mfereji kwamba hajui kazi, eti kwa sababu amekimbia jua la saa sita?

Tena, wanaume wale hawajalala. Wanasikiliza redio. Matangazo yanayotoka Ufaransa yanawaletea habari za maandalizi ya sherehe katika miji mikubwa ya dunia. Sokolo inaisikia Paris. Swali ni kama Paris inaisikia Sokolo.

Jibu linapatikana posta, na hapo ndipo kiini cha filamu yote. Wananchi wanafika katika ofisi ndogo ya posta kupiga simu. Karani anazungusha namba, anasikiliza, anaita, anajaribu tena. Pengine sauti inapatikana na pengine inakatika. Msichana mmoja, Nana, aliyefika kijijini kwa baiskeli, anakuja kumtafuta mtu wake kwa simu, naye anapatwa na hayohayo. Redio inaleta maneno ya wakubwa kwa wingi na bila kukatika. Simu inayopaswa kuyapeleka maneno ya wadogo inakwama njiani. Wahakiki wanaosema kwamba katika filamu hii "hakuna kinachotokea" wangetazama vizuri hapo. Kinachotokea ni kwamba watu wanasema na hawasikiki. Kama hilo si tukio, basi hakuna tukio duniani.

Ili kuona ukubwa wa jambo hili, yafaa kuilinganisha filamu hiyo na nyingine ya Afrika ya Magharibi juu ya mtu anayerudi kwao. Mwaka 1992 Djibril Diop Mambéty wa Senegal alitoa Hyènes, yaani Fisi, iliyotokana na tamthilia ya Friedrich Dürrenmatt wa Uswisi. Humo bibi kizee Linguère Ramatou anarudi Colobane akiwa tajiri wa kutisha. Zamani alifukuzwa akiwa msichana mwenye mimba, baada ya mpenzi wake, Dramaan Drameh, kumkana kwa ushahidi wa uongo. Sasa anawaahidi wenyeji mali isiyo na hesabu kwa sharti moja: wamwue Dramaan, ambaye ni muuza duka anayependwa na wote. Mwanzoni wanakataa kwa hasira. Halafu mafeni, majokofu na televisheni zinaanza kuingia mjini, watu wananunua kwa mkopo, na kila mwenye deni anajua deni hilo litalipwa na nini. Mwishowe wanamzunguka Dramaan, na wanapotawanyika linabaki koti lake tu.

Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ramatou alikuja, na wenyeji wakaangamia kwa kupona. Mambéty, aliyezaliwa Colobane hiyohiyo, alionyesha hatari ya mtu anayerudi na fedha peke yake: anawanunua ndugu zake. Sissako ameonyesha njia ya pili, ya mtu anayerudi na masikio. Dramane wa Sokolo hagawi chochote, hatoi ahadi, hapigi picha za kuwaonyesha wafadhili, na wala hawaambii wazee namna ya kulima. Anatembea na baba yake. Anasimama posta kama wengine. Anausikiliza mji wake mpaka mtazamaji naye anaanza kuusikia.

Hapana shaka Dramane ana woga, na woga huo ni wa haki. Katika filamu yanasikika maneno ya Aimé Césaire, mshairi wa Martinique aliyeishi toka 1913 hadi 2008, kutoka katika shairi lake refu la kurejea nchi ya kuzaliwa, lililotokea kwa mara ya kwanza mwaka 1939, na kutoka katika hotuba yake dhidi ya ukoloni. Onyo moja kubwa la Césaire lilikuwa hili: anayerudi asikae pembeni kama mtazamaji wa ngoma, akiyageuza mateso ya watu kuwa maonyesho ya kuangaliwa. Mtengenezaji wa filamu ndiye anayekabiliwa na hatari hiyo kuliko wote, kwa sababu kazi yake ni kutazama. Sissako ameikubali hatari hiyo kwa kujitia yeye mwenyewe katika picha, pamoja na baba yake, ili asiwe jicho lililofichwa nyuma ya kamera likiwapeleleza watu wa kwao.

Wako watakaouliza: "Mbona fedha zilitoka Ulaya? Mbona ilionyeshwa Cannes mwaka huo wa 1998 kabla wananchi wa Afrika hawajaiona?" Swali hilo ni la haki, na jibu lake halimwelekei Sissako. Linaelekea serikali na mashirika ya bara hili, ambayo kwa miaka mingi yamekuwa tayari kutoa fedha kwa filamu za kuwasifu wakubwa na kukosa fedha kwa filamu za kuwasikiliza wadogo. Msanii aliyechukua fedha za mgeni na kumwonyesha mgeni huyo uso wake mwenyewe hajauza utu wake. Ameuza kioo, na mnunuzi amejiona. Mwaka 2006 alifanya hivyo tena katika filamu ya Bamako, alipoishitaki Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa mbele ya mahakama ya kubuni, iliyoketi katika ua wa nyumba ya baba yake, huku akina mama wakiendelea na kazi zao na watoto wakipita. Huyo si kibaraka.

Lakini polepole na mapema shutuma hizi zote hazina budi kuwarudia wasomaji wenyewe, yaani watu waliosoma, wakapata ajira na kuondoka vijijini. Wengi wao hurudi mara moja kwa mwaka, wakati wa likizo. Anayerudi hushuka basi na sanduku lake, akagawa sukari, sabuni na kanga, akalalamika juu ya mbu na vumbi, akawapa wazee mawaidha juu ya maendeleo, akatengewa kiti cha pekee na maji ya kuoga yaliyochotwa na mtoto wa watu, kisha siku ya nne akaanza kuulizia usafiri. Hakuuliza swali hata moja ambalo jibu lake hakuwa nalo tayari. Mtu huyo hakurudi nyumbani. Alikwenda kutalii, na tofauti yake na mtalii wa Ulaya ni kwamba mtalii hulipa.

Aibu kubwa zaidi imo katika lugha ya ofisini. Mtumishi akikosea kazi mjini, wenzake hunong'ona kwamba atahamishiwa kijijini. Na mwalimu aliyepangiwa shule ya mbali hupewa pole kama aliyefiwa. Kwa fikra hizo kijiji ni gereza. Na kama kijiji ni gereza la watumishi waliokosa, basi wananchi waliozaliwa humo wamekosa nini? Mwalimu anayehesabu siku za kuhama hufundisha somo moja kwa ufasaha kuliko yote yaliyomo katika muhtasari, nalo ni kwamba kuelimika ni kuondoka. Watoto hulielewa somo hilo upesi. Halafu wakubwa hukutana katika semina na kushangaa kwa nini vijana wanakimbilia mijini.

Ni katika mwanga huo inafaa kumtazama tena yule karani wa posta wa Sokolo. Hana vifaa vya kutosha. Nyaya zinamwangusha. Hata hivyo hamfukuzi mtu kwa maneno ya "njoo kesho", hajifichi nyuma ya meza, wala hasubiri kitu kidogo ndipo ainue mkono wa simu. Anajaribu, na ikishindikana anajaribu tena mbele ya macho ya mwananchi. Filamu haimvishi nishani wala haimpigii tarumbeta. Lakini iwapo kuna shujaa katika saa nzima ya filamu hiyo, ni mtumishi wa umma yule aliyeelewa kwamba kazi yake ni kuipeleka sauti ya mtu mmoja kwa mtu mwingine. Wakuu wangapi wa idara kubwa wanaweza kusema hivyo juu ya kazi zao?

Aliyedhani kwamba haya ni mambo ya sanaa tu na akumbuke yaliyotokea baadaye. Tangu mwaka 2012 vita vya waasi na vikundi vya wenye silaha vilienea nchini Mali, kutoka kaskazini hata katikati ya nchi. Tarehe 26 Januari 2020 kambi ya askari wa serikali ilishambuliwa na askari wapatao 20 wakauawa. Mahali penyewe palikuwa Sokolo. Siku hiyo jina la kijiji kilekile lilitangazwa katika redio za dunia nzima, bila simu kukatika na bila mtu kulalamika kwamba habari hiyo ni ya polepole. Miaka 22 kabla yake, wakati Sokolo ilikuwa na amani, mpunga, baiskeli na posta, ulimwengu ulikuwa umeombwa saa moja tu ya kuisikiliza, na wengi walisema hakuna kinachotokea huko.

Hapo ndipo lilipo kosa la kudai kwamba habari za kijiji hazifai mpaka pawe na kishindo. Anayekataa kumsikiliza mwananchi anapozungumza juu ya ndege wanaokula mpunga na simu isiyopatikana, asishangae akilazimika kuisikia bunduki. Filamu moja haizuii vita. Hakuna mwenye akili anayedai hivyo. Lakini watu waliosomeshwa kwa jasho la vijiji, wakafunga masikio yao dhidi ya vijiji hivyo, hawawezi kuepuka sehemu yao ya lawama pale ukimya unapopasuka.

Basi La Vie sur terre haina budi kuonyeshwa katika vyuo vya ualimu na vyuo vya utumishi, isiwe burudani ya jioni bali iwe somo, na baada yake wanafunzi waulizwe swali moja: ukirudi kwenu, utasikiliza nini kabla hujafungua mdomo? Mwenye kurudi akiwa na fedha, azilete. Mwenye ujuzi, aulete. Lakini vyote hivyo vitangulizwe na unyenyekevu wa kuketi kivulini pamoja na wenyeji na kusogeza kiti jua linaposogea. Anayeona kwamba hilo ni kupoteza wakati, heri abaki mjini, na aache kujiita mtoto wa kijiji hicho.